Kutoka: Okotamoyo

Boksi la dagaa lilifika juzi. Limetoka Kigoma kwa basi hadi Dar, Dar akalichukua yule kijana wa kosta anayetuletea vitu siku zote, na saa kumi jioni likawa mlangoni kwetu, limezungushiwa kamba ya manila mara nne, harufu imelitangulia tangu kona ya msikiti. Kaka hutuma kila mwaka. Dagaa wa kule ni wadogo, wanang'aa kama fedha, wamekauka mpaka ukiwamimina kwenye ungo wanalia, na ukishafungua boksi nyumba nzima inanukia ziwa siku tatu.

Mwanangu ndiye aliyelipokea. Yuko darasa la nne, kila andiko analisoma kwa sauti, hata la kwenye mfuko wa sabuni. Akainama: "Kwenda, Bagamoyo." Akazunguka upande wa pili. "Kutoka... Okotamoyo." Akaniangalia.

"Mama, Okotamoyo ni mkoa gani?"

Nilikuwa na kisu mkononi, nimeshakata kamba ya kwanza. Nikakiweka chini. Mwandiko ulikuwa wa kaka, ule ule unaolala kushoto, K yake ina mguu mrefu kama inataka kutoka kwenye mstari. Neno lile sijalisikia kinywani mwa mtu tangu mwaka 1998. Hata yeye hajawahi kulitaja. Tumeongea kwa simu mara ngapi, habari za mama, habari za kiwanja, bei ya saruji, ada za watoto. Okotamoyo, hapana.

"Ni mji," nikamwambia. "Uko ziwani."

"Ziwa gani?"

"Halina jina."

Hakuridhika. Akaenda kulitafuta kwenye ramani ya ukutani, kidole kinatembea kutoka Kagera kushuka, na mimi nikakaa chini pale pale sebuleni pembeni ya boksi. Usingizi wa usiku ule ulikuwa wa kuibia. Ndiyo maana naandika.

Wakati ninaousema kaka alikuwa na miaka 14, mimi 9.

Baba aliondoka Aprili, na jahazi la boriti za mikoko kwenda Unguja. Zilikuwa siku za tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijatulia, upepo unazungukazunguka tu. Walikuwa wanne. Hawakufika Unguja na hawakurudi Bagamoyo. Wavuvi walitafuta siku nne, wakaenda mpaka mdomo wa Ruvu, siku ya tano wakaja kukaa barazani kwetu, wakanywa kahawa, hakuna aliyesema neno. Sitaki kurefusha hapo.

Kaka akaanza kuangua nazi za watu ili nyumbani paingie kitu. Agosti akaanguka. Paja la kushoto. Alirudishwa amefungwa piopi, ile plasta ngumu ya chokaa ya kushikia mfupa uliovunjika, kutoka nyonga mpaka kwenye vidole, akalazwa chumba cha nyuma kwenye kitanda cha kamba cha bibi, na akaambiwa asikanyage chini mpaka Novemba. Kijana aliyezoea kupanda minazi, ukimlaza miezi mitatu akiyatazama makuti ya dari, ama ataharibika ama atajenga mji.

Akajenga mji.

Alianza na mifuko ya saruji. Mjomba alikuwa fundi mwashi, mifuko mitupu alikuja nayo nyumbani. Karatasi ya nje ina vumbi, lakini ya ndani ni safi, ya kaki, ngumu, inapokea penseli vizuri. Kaka alizichana nne, akaziunga kwa punje za ubwabwa, akaniambia nizitandaze chini ya kitanda upande wake, ili akining'iniza kichwa azione zote. Hivyo ndivyo alivyochora, kichwa chini, damu imemjaa usoni, mimi nikishika ncha za karatasi.

Mbegu yenyewe ilikuwa imepandwa mapema. Darasa lao lilikuwa limepelekwa Misheni, kwenye makumbusho, na mzee aliyewatembeza aliwaonyesha mnara ambao mwili wa Livingstone uliwekwa Februari 1874 kabla haujavushwa kwenda Unguja. Akawaeleza jinsi watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, walivyoubeba kutoka kijiji cha Chitambo, kule karibu na ziwa Bangweulu: walivyoutoa moyo wakauzika chini ya mti, walivyoutia mwili chumvi na kuuanika juani wiki mbili, kisha wakashika njia, miezi kwa miezi, mpaka pwani. Wenzake walirudi wakizungumzia maiti iliyoanikwa. Kaka alirudi na habari ya moyo. Alitukuta mimi na bibi tunachambua mchele ukumbini.

"Bibi, unajua yule mzungu alifika hapa hana moyo?"

"Mume wangu," bibi akamjibu, "kwani nani aliyefika hapa akabaki na moyo wake? Si ndilo jina la mji?"

Akatuambia yale ambayo kila mtoto wa Bagamoyo huambiwa, ila yeye aliyasema kama ya kwao. Mpagazi aliyefika akaiona bahari alitua mzigo akasema, hapa nabwaga moyo, nimefika, nipumzike. Na yule aliyeletwa kwa mnyororo, naye akaiona bahari, akaliona na jahazi linalomngoja, akaubwaga moyo wake pale pale, kwa maana nyingine kabisa. Babu yake bibi aliingia mji huu akitokea Unyamwezi, pembe begani, mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32. Kwa hiyo hakuwa anasimulia cha kusoma.

"Sasa bibi," kaka akauliza, "mioyo yote hiyo iliyobwagwa, nani anaiokota?"

Bibi akasema mchele una mawe mengi, tumwache achambue.

Okotamoyo ndilo jibu ambalo kaka alijipa mwenyewe akiwa kitandani. Ulikuwa mji wa upande wa pili wa njia. Ukitoka Bagamoyo ukatembea siku mia na moja, njia ikakwisha, hapo ndipo. Mbele yako ziwa, na ziwa lile hakuna aliyewahi kuiona ng'ambo yake. Kwenye ramani ng'ambo ilikuwa karatasi tupu, na katikati ya utupu ule aliandika kwa herufi ndogo: Hapa hapajaandikwa.

Naweza kuutembea hata sasa nikiwa nimefumba macho. Unaingia kwa barabara yenye miembe pande mbili, kwa sababu njia ya kweli ya misafara nayo inajulikana kwa miembe yake. Kushoto forodha, na forodhani mamba wawili wazee wananusa mizigo. Aliyebeba mzigo wa mwenzake hapiti. Katikati ya soko, mbuyu unaokula minyororo. Huo alikuwa ameuchukua pale Misheni, mbuyu uliopandwa 1868, ambao umeumeza mnyororo mpaka kimebaki kipande kidogo tu nje. Wa Okotamoyo ulikuwa na njaa kuliko huu wetu. Mtu akiingia amefungwa, anaegemezwa kwenye shina usiku mmoja, kukicha mti umeshamaliza kazi, na mtu anajinyoosha.

Gatini ilifungwa meli iliyobebwa vipande vipande, ndani ya masanduku, vichwani mwa watu, ikaungwa pale ziwani. Mimi nilidhani ameibuni. Ukubwani ndipo nikajua kwamba alikuwa amesoma mahali habari za Liemba: ilivyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku mpaka Kigoma, ikaungwa upya, wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaja kuibuliwa kutoka chini ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Meli iliyozama ikarudi. Siwezi kuisoma habari ile bila kumwona kaka ananing'iniza kichwa, anachora bomba la moshi kwa uangalifu ule.

Na usiku wavuvi wa Okotamoyo walitoka na karabai. Hawakuvua samaki. Walivua mioyo. Mioyo iliyobwagwa pwani ilishuka, ikaingia mto unaopita chini kwa chini, ikasafiri mpaka ziwani, midogo, inayong'aa, na ilipoona mwanga ikapanda. Wavuvi waliileta ufukweni wakaianika juu ya mchanga, kila mmoja umelala mahali pake, unamsubiri mwenyewe.

Kitu kimoja hakikuwepo Okotamoyo: chumvi. Maji ya ziwa lile hayakuijua chumvi tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo hongo ya langoni ilikuwa chumvi. Nasema hongo ile ya zamani, ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite kwake, si hii ya leo. Kaka alikuwa Mlinda Lango, mimi Karani. Nilikuwa na daftari la mistari, kwenye jalada nimechora karabai, na ndani naandika kila aliyefika, tarehe, na chumvi aliyolipa. Wa kwanza alikuwa babu yake bibi. Kisha wapagazi wenzake. Kisha mwanamke mmoja asiyetaka kutaja jina, tukamwandika "Mwanamke", kaka akasema huyo apewe nyumba inayotazama maji. Mbuzi wetu aliyekufa kwa kula mfuko wa plastiki naye alipokelewa. Chumvi niliitoa jikoni, kwa vidole vitatu, mpaka bibi akaanza kuuliza mbona kopo linakwisha upesi, mke mwenzangu.

Ndipo nikaanza kwenda Nunge.

Nunge iko kaskazini mwa mji, kwenye mashamba ya chumvi. Msimu wa jua maji ya bahari yanafungiwa kwenye majaruba, yanakauka taratibu, chini inabaki chumvi, vibarua wanaikusanya kwa reki kuwa vichuguu vyeupe. Mchana huwezi kuitazama sawasawa, inachoma macho. Pembezoni mwa majaruba kuna mabonge yaliyokanyagwa, yenye tope, hayana mwenyewe. Nilikwenda siku moja ya Oktoba baada ya madrasa, peke yangu, bila kuaga, na nikachagua bonge moja ukubwa wa yai la kuku. Lilikuwa la kijivu, lina mchanga mweusi ndani, na upande mmoja fuwele zake zimepangana kama ngazi. Nilirudi nalo mkononi njia nzima. Nilikuwa na mkwaruzo kiganjani, jasho likaliyeyusha kidogo, ikawa inauma. Nikalihamishia mkono wa pili. Baadaye nikalirudisha. Sikutaka kulifunga kwenye khanga likasuguliwa likapungua. Njiani nilikuwa nimeshaamua ni la nani.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Bibi alikuwa ametuwekea kibatari juu ya sanduku, karibu na kichwa cha kaka, na moshi wake ulikuwa unapanda umenyooka kwa vile hapakuwa na upepo. Mama alikuwa chumba cha pili, kimya. Barazani vikombe vya kahawa vya wazee waliokuja alasiri vilikuwa bado havijaoshwa. Hilo nalikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyetakiwa kuviosha, na sikuviosha.

Kaka alikuwa na spoki ya baiskeli. Piopi ikimuwasha aliiingiza kwa juu, pale nyongani, akajikuna mpaka inapofika. Alikuwa anajikuna nilipoingia. Mtindo wetu ni kwamba lango la mji lilikuwa piopi yenyewe. Unabisha gotini, mara tatu. Ilikuwa na mlio mkavu, kama mlango wa mbao nyembamba.

Nikabisha.

"Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Msafara kutoka pwani."

"Watu wangapi?"

"Mmoja."

"Ana mzigo gani?"

"Hana mzigo. Ulizama."

Spoki ikasimama. Sikujua kwamba nimeshalisema. Kaka alinitazama kwa muda, kisha akaendelea, lakini sauti ya Mlinda Lango, ile nzito aliyoitoa tumboni, haikuwepo tena. Ilikuwa sauti yake tu.

"Hongo?"

Nikaliweka bonge la chumvi juu ya goti la piopi. Lilikuwa limelowa. Liliacha alama ya maji kwenye chokaa, duara la kijivu, na lilikaa pale bila kuviringika, nami nikaona hiyo ni dalili njema.

"Jina?"

Nikataja jina la baba. Jina lake, na la babu, na la ukoo, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Hakuna aliyekuwa amelitaja jina lile ndani ya nyumba tangu Aprili. Walisema "yule", au "mwenzenu", au walinyamaza. Nilipolitaja nikasikia kitanda cha chumba cha pili kinalia, mama amegeuka.

Kaka alikaa kimya. Nzi wa kibatari, wale wadogo wanaokuja kufia kwenye moto, walikuwa wanaanguka kwenye shuka yake mmoja mmoja. Akampuliza mmoja.

"Hajafika," akasema.

"Amefika. Nimemleta mimi."

"Hajafika. Angekuja ningemwona. Mimi ndiye ninayekaa langoni."

"Hongo yake hiyo hapo."

"Naiona."

Nikafungua daftari. Nilikuwa Karani, kalamu ilikuwa yangu. Nikaandika tarehe. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina la baba, na hapo mkono wa kaka ukaja juu ya wangu. Hakuubana. Aliuweka tu, mzito, wa moto, unanuka mafuta ya nazi ambayo bibi alimpaka kila jioni, na sikuweza kuandika tena.

"Karani haandiki mtu ambaye lango halijamfungukia."

"Basi fungua!"

"Hajafika, dada."

Hakuwa akiniita dada. Aliniita kwa jina, au Karani, au we mtoto. Nikalia. Na katika kulia nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia nasimamisha nilichokuwa nafanya: nikamwambia mji wenyewe si wa kweli. Hakuna ziwa, hakuna mbuyu, ni mifuko ya saruji tu.

Hakujibu. Aliliokota lile bonge kutoka kwenye goti, akaligeuza kwenye mwanga wa kibatari, akaliangalia zile ngazi za fuwele. Akaliweka ulimini, kidogo tu, ncha. Kisha akajiviringisha kwa ubavu, kazi ngumu ile, piopi inagonga ubao wa kitanda, akaning'iniza mkono mpaka chini akaliweka juu ya ramani, penye lango, nje ya ukuta.

"Chumvi yake itakaa hapa," akasema, uso wake uko chini, simwoni. "Siku akifika atakuta ameshalipiwa."

Akazima kibatari kwa vidole.

Ninachotaka kukisema, na sijui kama nitakisema vizuri, ni hiki. Mimi nilidhani kuandikwa kwenye daftari ni kupona. Ukishaandikwa una nyumba, una mwembe, moyo wako umekauka vizuri mchangani unakusubiri. Nilitaka baba apate pa kulala. Miezi sita nilikuwa nikimfikiria yuko majini, na nilikuwa nimechoka kumfikiria yuko majini. Kwa hiyo kaka aliponikatalia, niliona amemwacha baba nje, usiku, na lango amelifunga yeye.

Mama alikuja kunisimulia mambo mengine nilipokuwa na mimba ya huyu mwanangu. Alasiri ile wazee walikuwa wamekuja kuamua. Wengine walitaka isomwe hitima na mama akae eda, wengine walisema hapana, hakuna aliyeuona mwili, asubiri. Chumba cha nyuma kilikuwa kimegawana ukuta na baraza, na ukuta wa udongo haufichi kitu. Kaka alisikia yote. Na walipokwama, mmoja wao aliingia mpaka kitandani kwake, akamwambia yeye ndiye mwanamume wa nyumba sasa, je, moyo wake unamwambia nini? Mtoto wa miaka 14, mguu kwenye chokaa. Mama alimsikia akijibu: "Hajafika tu."

Saa chache baadaye nikaja mimi na bonge la chumvi, nikamuuliza swali lile lile.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Chumvi ile isiyosafishwa inavuta unyevu, na hewa yetu mnaijua. Ilianza kujikojolea chini ya kitanda siku ile ile. Kufika Novemba, walipokuja kumkata piopi, bonge lilikuwa limekwisha, na maji yake yalikuwa yamelowesha karatasi kuanzia langoni, yakapita barabara ya miembe, yakaunganisha mji na ziwa. Penseli haikufutika, ila karatasi ilikuwa laini kama ngozi ya mtu aliyekaa sana majini, ukiigusa inakuja na kidole. Bibi aliikausha jikoni akawashia moto wa maandazi. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wake umekonda mpaka goti linaonekana kubwa kuliko paja, akaangalia mpaka ikaisha. Daftari lilipotea katika kuhama. Mwaka uliofuata wazee walikubaliana, hitima ikasomwa, mama akakaa eda. Kaka alihudhuria, akaitikia dua, akagawa kahawa. Akaenda Dar kujifunza ufundi wa injini, akapata kazi Kigoma kwenye mitumbwi ya dagaa, akabaki.

Nimemwekea kaka kinyongo miaka mingi bila kukiita kinyongo. Baada ya mama kunisimulia kikaondoka, kikaja kitu kingine ambacho sijakipatia jina. Kuna siku naona alikuwa sahihi, kwamba mtu haandikwi kwa sababu wewe umechoka. Kuna siku naona sote wawili tulikuwa tunamtetea baba, kila mtu kwa upande wake wa lango. Na siku nyingine, hasa kusi ikivuma usiku, ninarudi kuwa na miaka 9 na ninataka tu afunguliwe.

Jana usiku nilimpigia.

"Dagaa wamefika," nikamwambia.

"Wamefika wazima?"

"Wazima."

Nilisikia maji nyuma yake, na injini ya mtu inakohoa ikazimika.

"Mwanangu ameuliza Okotamoyo ni mkoa gani."

Alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama imekatika.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ni mji."

"Mwambie siku hizi umekuwa mkubwa," akasema. Kisha, kwa sauti yake ya siku zote, ya kuagiza: "Wale dagaa hawakutiwa chumvi, wameanikwa tu. Chumvi mtie wenyewe."

"Nitatia."

"Ya Nunge."

"Ya Nunge, kaka."

Tukaongea habari za presha ya mama.

Leo asubuhi nilimchukua mwanangu tukaenda. Kuna mama anapima chumvi kwenye ndoo pembeni ya njia, nikanunua ya jikoni, na nikamwomba bonge moja la pembeni, akanipa bure. Mwanangu akataka kulibeba yeye. Njiani nilimwona analihamisha, mkono huu, mkono huu. Hakuniuliza chochote kuhusu mikoa. Aliniuliza hii ni ya nani, nikamwambia nitamwambia tukifika nyumbani.

Tumefika. Amekunjua boksi la dagaa likawa tambarare, ameshachora ziwa, ng'ambo ameiacha tupu bila kuambiwa. Pembeni ameweka daftari jipya, amepiga mistari, tarehe, jina, chumvi. Tarehe ameiandika. Ameshika kalamu, ananisubiri nimtajie jina.